Bei ya Nozeli

Kabla neno kuchakachua halijahamia kwenye masanduku ya kura, lilikuwa neno la vituo vya mafuta. Waliokuwa watu wazima Tanzania mwaka 2010 watakumbuka kwamba kufikia uchaguzi mkuu wa mwaka ule kila kitu kilikuwa kinachakachuliwa: matokeo, vyeti, hata mapenzi. Lakini kilichoanza kuchakachuliwa kilikuwa dizeli, na kilichotumika kuichakachulia kilikuwa mafuta ya taa. Mimi nilikuwa shule ya msingi na nililipokea neno hilo kama utani wa uwanjani.

Nimelikuta tena ukubwani, kwenye makabrasha ya bajeti ninayosoma kwa ajili ya tasnifu yangu ya shahada ya umahiri katika historia. Mada yangu ni usafirishaji wa mazao kutoka Nyanda za Juu Kusini, kwa hiyo nilikuwa natafuta barabara na madaraja. Kila nikifunua kurasa nikawa naona mafuta: nani anayaingiza, nani anayalipia ushuru, nani anasamehewa. Mwishowe nikamwendea msimamizi wangu na swali lililomchekesha. Nozeli ya lori iligharimu kiasi gani, na ni nani aliyeilipa? Nusu ya kwanza ya swali ina jibu katika daftari la mjomba wangu. Nusu ya pili imenichukua muda mrefu zaidi.

Kwa asiyewahi kufungua injini: ya dizeli haina plagi ya kuiwashia mafuta. Hewa hubanwa ndani ya silinda mpaka ikapata joto kali, kisha mafuta hupulizwa humo yakiwa ukungu, na ukungu ule huwaka wenyewe. Mtengenezaji wa ukungu ni nozeli. Wengine huita injekta. Mjomba huandika nozo. Ndani yake mna sindano ya chuma inayopanda na kushuka kwenye tundu lililochongwa kulingana nayo, na nafasi iliyopo kati ya sindano na ukuta wa tundu ni mikroni chache tu. Unywele wa binadamu una unene wa mikroni 70 hivi. Humo hakuna oili inayofika. Kinachoilainisha sindano isisagike ni dizeli yenyewe inapopita, na ukilisahau hilo habari nyingine zote hapa chini zitakuwa hazina maana.

Rudolf Diesel hakuwa na kitu cha namna hii. Injini yake iliyofaulu kule Augsburg mwaka 1897 ilisukuma mafuta kwa hewa iliyobanwa na kompresa, na kompresa hiyo ilikuwa zigo. Ndiyo maana dizeli za mwanzo zilikaa viwandani na melini, mahali ambapo uzito si tatizo. Usiku wa tarehe 29 Septemba 1913 Diesel alitoweka ndani ya meli akivuka kwenda Uingereza, na hadi siku hiyo hapakuwa na lori la dizeli barabarani. Kilichoifungulia dizeli njia ni pampu ndogo ya kusukuma mafuta bila hewa. Robert Bosch wa Stuttgart, ambaye alikwisha tajirika kwa vifaa vya kuwashia injini za petroli, aliamua kuishughulikia mwaka 1922. Mwaka 1927 kiwanda chake kikaanza kuizalisha kwa wingi. Pampu inasukuma, springi inaikalia sindano, shinikizo likizidi nguvu ya springi sindano inanyanyuka. Mpango huo ulidumu karibu miaka 70, na uzuri wake kwetu ni kwamba ulikuwa unafunguka.

Ulifunguka mikononi mwa fundi pampu. Miji yetu yote ya barabarani ina watu hawa, Morogoro, Iringa, Makambako, Mbeya, na si mafundi wa kawaida. Hukaa chumba chao peke yao, sakafu imefagiliwa, maana vumbi ni adui. Fundi mmoja wa Iringa, aliyeanza kazi mwaka 1981 akiwa kijana wa kuosha vipuri, alinionyesha kwa mkono. Unaifungua nozeli kwenye jiriwa. Unatoa ncha iliyochakaa, unaweka mpya, na mwili wa nozeli unabaki uleule. Unaongeza au kupunguza vikaratasi vya chuma juu ya springi mpaka geji isome bar 150, au 200, kulingana na injini. Kisha unapampu kwa mkono na kusikiliza. Nozeli nzima hulia, mkoromo mfupi mkavu, na huchora duara safi kwenye kipande cha boksi. Mbovu hutema mate. Alinivuta mkono wangu nyuma, kwa sababu ukungu ule hupenya ngozi kama sindano ya hospitali.

Malori yaliyomfundisha fundi huyu kazi yalikuwa Fiat. Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao, na Zambia, ambayo mafuta yake yalipitia huko, ikajikuta imekabwa koo. Mapipa ya mafuta yakaanza kupandishwa kwa barabara kutoka Dar es Salaam kupitia Morogoro, Iringa na Mbeya, barabara ya udongo ambayo madereva wa Kiingereza waliipa jina la jehanamu. Mwaka 1966 serikali za Tanzania na Zambia zilianzisha kampuni ya pamoja ya malori, na Waitaliano wakiwa na hisa. Malori yake yalikuwa Fiat na matrela yake. Mwaka huohuo kiwanda cha kusafisha mafuta cha TIPER kilianza kazi Kigamboni, nacho cha Kitaliano. Bibi yangu mzaa mama, wa Ilula, alikuwa msichana wakati huo. Anasema walijua Fiat inakuja kabla hawajaiona, kwa vumbi kwanza, kisha kwa mlio. Bomba la TAZAMA lilipokamilika mwaka 1968 mafuta yakahamia chini ya ardhi, lakini malori yalibaki, na mafundi wao pia.

Ukimwuliza fundi wa Iringa nozeli ilikuwa bei gani mwaka 1981, atakutazama kama mtu aliyeuliza swali la kitoto. Haikuwa na bei, haikuwapo. Baada ya vita vya Kagera na kupanda kwa bei ya mafuta mwaka 1979, nchi haikuwa na fedha za kigeni. Kuagiza spea kulihitaji leseni na mgao wa sarafu, na katika foleni ya mgao ncha ya nozeli ilishindana na dawa na unga. Bei ya kwenye karatasi ilikuwepo na wala haikuwa kubwa. Bei ya kweli ilikuwa nani unamjua. Mwaka 1983 serikali ilipowaandama wahujumu uchumi na walanguzi, watu walitupa na kuficha bidhaa usiku. Fundi anasema bosi wake alifukia ncha za nozeli shambani zikiwa zimefungwa kwenye mpira wa tairi, na alipozifukua nusu zilikuwa na kutu. Sina namna ya kulithibitisha hilo kwenye nyaraka, ila nimeliandika kwenye tasnifu na nitalitetea. Bajeti ya 1984 iliruhusu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa bila kuulizwa wamezipata wapi, na spea zikarudi madukani kwa bei ya soko.

Kwa hiyo katika awamu hiyo ya kwanza nozeli ililipiwa kwa kusubiri. Lori lililokaa juu ya mawe lilikuwa na mahindi yaliyooza mahali fulani, na mkulima wa mahindi hayo hakupata kujua kwamba kilichomkwamisha ni kipande cha chuma kinachotosha mfuko wa shati.

Awamu ya pili ilianzia mbali sana na Ilula. Mwaka 1999 Ishihara Shintaro, gavana mpya wa Tokyo, alianzisha kampeni dhidi ya moshi wa dizeli, na alipenda kusimama mbele ya waandishi wa habari na chupa ya plastiki iliyojaa masizi. Ilikuwa sanaa ya siasa, na ilifanya kazi. Tangu Oktoba 2003 malori yasiyotimiza kiwango cha masizi yakapigwa marufuku kuingia Tokyo na mikoa mitatu ya jirani. Ulaya nayo ilikuwa inakaza viwango vyake hatua kwa hatua. Ili dizeli iwake bila masizi, ukungu lazima uwe mwembamba zaidi, na ukungu mwembamba unataka shinikizo kubwa. Jibu likawa mfumo wa komoni reli: mafuta hukaa tayari kwenye bomba moja nene chini ya shinikizo kubwa, na kompyuta huifungua kila nozeli kwa umeme, mara kadhaa ndani ya mpigo mmoja. Wajapani wa Denso waliuweka kwenye lori mwaka 1995. Kwa magari madogo kazi kubwa ilifanywa na watafiti wa Fiat, ile Fiat ya vumbi la bibi, kabla Bosch hawajanunua haki zake. Mwaka 1997 ukatokea kwenye Alfa Romeo 156. Mifumo hiyo ya mwanzo ilifika bar 1,350. Tairi la lori lina bar 8 hivi.

Malori ya zamani yaliyofukuzwa Tokyo yaliuzwa nje, mengi yakaja upande wetu. Yaliyochukua nafasi yao nayo yalizeeka, nayo yakaja. Mtu wa Ilula aliyenunua lori la mtumba mwaka 2009 alikuwa ananunua, bila kuambiwa na yeyote, jibu la chupa ya masizi ya Ishihara.

Mjomba wangu alikuwa mmoja wao. Lori la tani nne, silinda nne, la nyanya. Ilula ni nchi ya nyanya, na nyanya haingoji mtu: ikivunwa jana kesho iwe sokoni Dar es Salaam. Miezi minane ya kwanza lilikwenda vizuri. Katikati ya mwaka 2010 likaanza kumisi asubuhi, moshi mweupe, kisha likipanda Kitonga na mzigo likawa halivuti. Siku liliposimama kabisa pale Kitonga, makasha ya nyanya yalihamishiwa kwenye lori la mtu mwingine kwa bei ambayo mwenye lori alijitajia mwenyewe.

Alimpelekea fundi pampu yuleyule wa Iringa. Mjomba anakumbuka maneno.

“Mzee, hizi hazifunguliwi kama zile.”

“Badilisha ncha basi.”

“Hii haina ncha ya kubadilisha. Inabadilishwa yote.”

Daftari la mjomba lina ukurasa wa siku hizo na aliniruhusu niupige picha. Nozeli mpya aliambiwa 700,000 kwa moja, yaani 2,800,000 kwa zote nne. Hazinunuliwi moja moja, alishauriwa, maana mpya ikikaa na chakavu injini haitulii. Za mtumba, zilizotolewa kwenye injini zilizokatwa, 250,000 kwa moja. Alichukua za mtumba: 1,000,000. Fundi 120,000. Mtu wa kompyuta aliyetoka Dar es Salaam 50,000 na nauli yake, kwa sababu nozeli hizi zina namba zilizochongwa kichwani na kontroo boksi lazima iambiwe namba mpya, vinginevyo hutoa mafuta kwa vipimo vya marehemu. Kuosha tangi 30,000. Chini kabisa, bila jumla, ameandika: ekari 2. Hizo ni ekari mbili za misonobari aliyopanda kwa ajili ya uzee wake. Msonobari wa mbao unataka miaka mingi; ile ilikuwa na miaka 7, na aliyeinunua aliinunua kwa bei ya nguzo za kujengea.

Miezi mitano baadaye nozeli mbili kati ya zile nne zilikufa tena. Ukurasa huo hakunionyesha.

Kilichoziua, kwa mujibu wa fundi, ni mafuta ya taa. Mafuta ya taa ni mepesi na makavu, hayalainishi. Springi ya zamani ya bar 150 ilikuwa mvumilivu kiasi. Kwenye bar 1,350 sindano isiyolainishwa hujikwangua yenyewe, tundu linapanuka, mafuta yanavuja pale ambapo hayakutakiwa. Fundi aliongeza, na ni haki nimnukuu yote, kwamba nozeli zenyewe zilikuwa zimekwisha kufanya kazi miaka kadhaa Japani. Mjomba yeye hana shaka: ni kituo kimoja cha njiani alichozoea kujaza kwa sababu bei yake ilipungua kidogo. Hakuwahi kuthibitisha. Risiti ya mafuta huonyesha lita, haionyeshi kilichomo.

Kilichofanya uchanganyaji ulipe ni ushuru. Dizeli ilibebeshwa kodi, ikiwemo ya matengenezo ya barabara, kwa sababu inatumiwa na magari. Mafuta ya taa yaliachwa karibu bure, shilingi 52 tu za ushuru wa bidhaa kwa lita, kwa sababu ni mafuta ya maskini. Kati ya vimiminika viwili vinavyofanana hivyo, kukiwa na pengo la shilingi mia kadhaa kwa lita, mtu mwenye tangi chini ya ardhi anajaribiwa kila usiku. Chukulia thuluthi ya tangi la lita 100 ni mafuta ya taa na pengo ni shilingi 500. Mchanganyaji amepata zaidi ya 16,500. Kwa malori yote yanayosimama hapo kwa mwaka, ni nyumba.

Mwaka 2010 EWURA ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta: kemikali kidogo inayotiwa ghalani kwenye mafuta yaliyolipiwa kodi, ili mkaguzi akichota kituoni aone kama imepungua nguvu. Kwa maoni yangu hiyo ilikuwa dawa sahihi, kwa sababu ilimlenga mwenye kosa. Ila inataka wakaguzi, maabara, magari, kesi. Bajeti ya 2011/12 ilichukua njia fupi zaidi. Ushuru wa mafuta ya taa ulipandishwa kutoka shilingi 52 hadi shilingi 400.30 kwa lita. Pengo likazibwa, kishawishi kikapungua. Kama nozeli za nchi hii zingekuwa na chama chao, zingeandamana kwa furaha.

Nilipoiona tarakimu hiyo, 400.30, nilifunga kabrasha nikatoka nje kidogo. Nilikuwa naijua kwa upande wa pili. Nilikuwa Ilula likizo ya mwaka ule, na bibi alikuwa anatumia koroboi mbili, moja jikoni na moja chumbani. Mafuta alinunua dukani kwa kipimo cha kikombe. Likizo iliyofuata koroboi ilikuwa moja, nasi tulikula mapema kabla giza halijaingia. Nilidhani ni desturi ya uzee. Mjomba alikuwa amemweleza sababu, kwa nia njema kabisa, kwamba mafuta yamepandishwa ili wachakachuaji wakome na malori yasife nozeli. Bibi akamjibu: “Basi hilo lori lako na lije liniwashie taa.”

Hilo ndilo jibu la nusu ya pili ya swali langu, au angalau ndilo nililolipata. Kaya za vijijini ambazo hazijawahi kumiliki hata baiskeli ya injini zilichangia, kikombe kwa kikombe, kulinda sindano za mikroni chache kwenye injini za watu wengine. Msimamizi wangu ameandika pembeni ya sura hii kwamba ninatia chumvi, kwamba ushuru ule ulikuwa na sababu zaidi ya moja. Ni kweli ulikuwa nazo. Lakini wakati wa kugawa gharama, mwenye lori, mwenye kituo na mwenye koroboi hawakai meza moja, na koroboi ndiyo isiyo na mtu wa kuisemea. Kenya ilifuata njia hiyohiyo mwaka 2018: tozo ya shilingi 18 za Kenya kwa kila lita ya mafuta ya taa, kwa jina la kupambana na uchanganyaji. Huko kuna mitaa mingi ya Nairobi ambayo mafuta ya taa si mwanga tu, ni jiko.

Tangu Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kushusha salfa kwenye dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni. Kwa mapafu yetu ni habari njema. Kwa nozeli haikuwa lazima iwe hivyo, maana usafishaji unaoondoa salfa huondoa pia sehemu ya ulaini wa mafuta. Sweden waliligundua hilo mwanzoni mwa miaka ya 1990 pampu zilipoanza kufa, na ndipo viongeza vya kulainisha vikawa jambo la kawaida. Safari hii waliolipa ada ya mafunzo walikuwa wengine.

Bibi sasa ana taa ya sola, na koroboi iko juu ya kabati. Mjomba aliliuza lori mwaka 2014 na hajanunua jingine, anakodi. Fundi wa Iringa amejifunza kompyuta kwa kijana wake. Nozeli za komoni reli anazipima tu, zilizoshindikana anazifunga kwenye boksi na kuzituma Dar es Salaam kwa basi la usiku, na anasema wazi kwamba hapendi kazi ya kufunga maboksi. Furaha yake ni pale linapoingia gari la zamani. Nilipomtembelea mara ya mwisho alikuwa na nozeli sita za mkonga kwenye karai, anaziosha kwa brashi. Karai lilikuwa na dizeli. Zamani, aliniambia, kazi hii ilifanywa kwa mafuta ya taa, yanasafisha vizuri kuliko kitu chochote, lakini siku hizi nani atamudu.